Kipeperushi cha Julai 1877: kisa cha mji wa Nicodemus, Kansas

Tarehe 2 Julai 1877, Mchungaji Simon P. Roundtree, katibu wa kampuni ya mji ambayo haikuwa imetimiza hata siku 90, alitia jina lake chini ya kipeperushi cha ukurasa mmoja. Kilianza kwa kuwaita raia weusi wa Marekani, kikawaambia kwamba kampuni imekwisha kushika ardhi yake katika Kaunti ya Graham, maili 240 magharibi ya Topeka, makao makuu ya jimbo la Kansas. Mji wenyewe uliitwa Nicodemus. Siku hiyo haukuwa na jengo hata moja la kuonyesha juu ya ardhi.

Leo Nicodemus ndio mji pekee uliobaki magharibi ya Mto Mississippi kati ya ile iliyoanzishwa na Weusi katika miaka ya Ujenzi Mpya, kipindi kilichofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14. Wasimulizi wengi hukifupisha kisa chake hivi: watumwa walioachwa huru wakaenda magharibi, wakajenga mji, reli ikaupita pembeni, mji ukafa. Hakuna uongo hapo, lakini ufupisho huo umeacha nje karibu kila kinachofaa kujadiliwa. Mimi nakiendea kwa njia ya kile kipeperushi, ahadi moja baada ya nyingine, kwa sababu mengi yaliyokuja kuupata mji huu yalikuwa yameshaandikwa mle, mengine waziwazi na mengine kwenye anwani iliyowekwa chini kabisa, mahali ambapo macho ya msomaji huwa yamekwisha kuchoka.

Waliouza na walionunua

Kampuni ya Mji wa Nicodemus iliundwa Aprili 1877. Rais wake alikuwa W. H. Smith, Mweusi, katibu, kama tulivyoona, Roundtree, naye Mweusi. Meneja aliyepewa kazi ya kutafuta eneo na kuwapeleka watu alikuwa W. R. Hill, Mzungu kutoka Indiana, mtu wa biashara ya viwanja. Kipeperushi chenyewe kinakiri, kwa unyoofu unaonigusa kila ninapokisoma, kwamba walianza na wanachama kumi na wawili na dola tatu katika sanduku. Sasa, kinasema, wanachama wamekaribia 300.

Walionunua ahadi hiyo kwa wingi walitoka Kentucky, hasa maeneo ya Georgetown na Lexington. Hapa pana jambo la historia linalosahaulika. Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa lililobaki upande wa serikali kuu wakati wa vita, kwa hiyo tamko la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi halikuihusu. Watumwa wengi wa huko walisubiri mpaka Desemba 1865, marekebisho ya 13 ya Katiba yalipopitishwa. Na kwa kuwa jimbo halikuwa limeasi, halikuwekwa chini ya usimamizi wa kijeshi wa Ujenzi Mpya kama majirani zake wa kusini. Mtu mweusi wa Georgetown mwaka 1877 alikuwa na miaka kumi na miwili tu ya uhuru, bila ardhi, akilima shamba la bwana wake wa zamani kwa kugawana mavuno, na genge la usiku likimbishia hodi. Mwaka huohuo serikali ya Washington iliwaondoa askari wake wa mwisho waliokuwa wakizilinda serikali za Ujenzi Mpya huko kusini. Hata aliyekuwa na matumaini kwamba mambo yatatengemaa hapo alipo alianza kufunga mizigo.

Huko Lexington kulisambazwa tangazo jingine: Mweusi yeyote anayetaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 anaweza kwenda kwa dola tano. Kilichowavuta kilikuwa sheria ya mwaka 1862 iliyompa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi akae juu yake miaka mitano, ajenge na alime. Sheria hiyo haikumbagua mtu kwa rangi. Kwa mtu aliyewahi kuorodheshwa yeye mwenyewe kama mali katika vitabu vya bwana wake, karatasi ya serikali yenye jina lake na mipaka ya shamba lake ilikuwa na uzito ambao hauhitaji maelezo.

Moshi unaotoka ardhini

Septemba 1877 watu kama 300 kutoka Kentucky walishuka kwenye treni katika kituo cha Ellis. Nicodemus ilikuwa takriban kilomita 50 kaskazini, na katikati hapakuwa na barabara. Walitembea siku mbili.

Kundi jingine lilifika majira ya kuchipua ya mwaka 1878, na ndani yake alikuwamo Willianna Hickman, mke wa Mchungaji Daniel Hickman. Walipokuwa wamekwama Ellis, surua iliwaua baadhi ya watoto wao. Kisha wakapita mbugani kwa mikokoteni na dira, usiku wakiwasha mioto. Miaka mingi baadaye Bi. Hickman alisimulia alivyosikia wanaume wakipiga kelele kwamba wamefika, naye akaangaza macho asione kitu. Akamwuliza mumewe, Nicodemus iko wapi? Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini: ile pale. Watu walikuwa wakiishi mashimoni. Mandhari hayakumvutia hata kidogo, alisema, akaanza kulia.

Ule moshi unaeleza jiografia ya mahali hapo kuliko ramani. Watu wa Kentucky walizoea misitu, chemchemi na nyumba za magogo. Hapa waliletwa kwenye uwanda wa nyasi ulioinuka kama mita 600 kutoka usawa wa bahari, ambako mti huonekana tu kando ya mto. Bila mbao nyumba haijengwi kwenda juu. Huchimbwa kuingia ndani ya mwinuko, mbele ikazibwa kwa matofali ya udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi zake, juu ikafunikwa matawi na udongo. Ina joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa jua, na nyoka hupita kwenye dari.

Wengine hawakukaa hata juma moja. Waligeuza kurudi Ellis, wengine hata mbali zaidi. Hasira yote ilimwangukia Hill, na masimulizi ya mji yanasema palikuwa na waliotaka kumnyonga ikabidi ajifiche. Waliobaki, ama kwa ujasiri ama kwa kuwa nauli ilikuwa imekwisha, waliingia katika majira ya baridi bila akiba ya maana. Inasimuliwa mpaka leo kwamba Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama. Mwishoni mwa Oktoba, ndani ya shimo mojawapo, Emma Williams alijifungua mtoto wa kwanza wa Nicodemus, wakamwita Henry.

Ahadi moja moja

Turudi kwenye kipeperushi. Kinasema udongo ni mweusi, wenye rutuba, wa tifutifu na mchanga. Kweli. Ni udongo uliorundikwa na upepo kwa maelfu ya miaka na kushikwa na mizizi ya nyasi. Ila mizizi hiyohiyo huufanya mgumu kuuvunja mara ya kwanza, na walioletwa hawakuwa na wanyama wa kukokota plau. Farasi wa koloni nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Majira ya kwanza watu walilima kwa jembe la mkono na sepetu ardhi ambayo majirani zao Wazungu waliivunja kwa jozi za ng'ombe. Mtu wa namna hiyo hapandi ekari 160. Anapanda robo tatu ya ekari, na mvua ikikosea tarehe hiyo nayo inakwenda.

Kinasema Mto Solomon wa Kusini una maji tele na bonde lina chemchemi. Nusu kweli. Mto upo, unapita kusini ya mji kuelekea mashariki, lakini ni mto wa uwanda: mwezi huu unafurika, mwezi ujao unavukwa bila kulowesha magoti.

Kinasema yapo mawe mazuri ya kujengea, laini kukata kuliko mawe mengine. Kweli tupu. Mawe ya chokaa ya sehemu hizo hukatwa yakiwa bado na unyevu wa ardhini, kisha huwa magumu yakishapigwa na hewa. Nitayarudia.

Kinasema miti ipo kiasi, inatosha kwa kuni. Hapa mwandishi alianza kupunguza uzito wa maneno yake, na msomaji makini angesikia. Miti iliyokuwapo kando ya mto haikutosha watu mia kadhaa wenye majiko. Walichoma mabua ya alizeti na kinyesi kikavu cha nyati. Nyati wenyewe walikuwa wamekwisha kuuawa na wafanyabiashara wa ngozi, imebaki mifupa, ambayo nayo watu waliiokota na kuiuza.

Kisha kinasema hatuna hofu ya kukosa makaa ya mawe. Makaa hayakupatikana.

Lakini ahadi nzito kuliko zote ni ile ambayo haimo. Katika maelezo yote ya udongo, mto, chemchemi, mawe, miti na makaa, mvua haikutajwa. Sidhani ni hila. Huenda mtu wa mashariki haoni haja ya kutaja mvua, kama mvuvi asivyotaja kwamba bahari ina chumvi. Lexington hupata mvua karibu mara mbili ya ile ya Kaunti ya Graham, ambayo kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550, nayo miaka ya kawaida huko ni michache. Nicodemus iko kilomita 30 na kitu tu mashariki ya mstari wa longitudo ya 100. Mwaka 1878, wakati Bi. Hickman akililia moshi, mpima ardhi John Wesley Powell aliipelekea serikali ripoti iliyoeleza kwamba karibu na mstari huo ndipo ardhi ya kilimo cha mvua inapokoma na ardhi kame inapoanza. Powell alitaka kanuni za kugawa ardhi zibadilishwe huko, kipande cha familia kiwe kikubwa mara nyingi zaidi. Hakusikilizwa. Waliosikilizwa ni wale waliodai kwamba mvua hulifuata plau: lima, na mawingu yatakuja.

Ekari 160 zilikuwa kipimo cha shamba la mashariki. Huku, mkulima wa ngano mara nyingi huiacha sehemu kubwa ya shamba bila kupanda msimu mzima ili udongo ukusanye maji ya mwaka unaofuata. Kwa hesabu hiyo nusu ya shamba lako ni tangi la maji. Namna hiyo, hata kama kila mtu aliyeshuka Ellis angekuwa na farasi wanne, hesabu ya watu wengi kwenye vipande vidogo haikuwa na maisha marefu.

Miaka ya neema

Ajabu ni kwamba mji ulisimama. Wanaume walikwenda kwa miguu kutafuta vibarua mashariki ya jimbo na kwenye reli, wakirudi na fedha za plau na wanyama. Wanawake walibaki na watoto, mashimo na mashamba. Z. T. Fletcher, aliyetajwa katika kipeperushi kuwa ndiye atakayekuwa msimamizi wa posta, kweli akawa, akafungua na duka. Mkewe Jenny aliwafundisha watoto nyumbani kwao, na mwaka 1879 ikaundwa wilaya ya shule, Nambari 1.

Mwaka 1878 alifika pia Edward P. McCabe, kijana mwenye elimu kutoka Chicago, pamoja na mwenzake Abram T. Hall. Hawa hawakuwa wakulima. Walijua makaratasi, na walikuwa wamefika mahali ambapo makaratasi yalikuwa bado hayajaandikwa. Kaunti ya Graham ilipoundwa rasmi mwaka 1880, McCabe akawa karani wake. Mwaka 1882 alichaguliwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, na mwaka 1884 akachaguliwa tena. Fikiri: miaka mitano tu baada ya watu kuishi mashimoni, mkazi wao mmoja anakagua vitabu vya jimbo lenye Wazungu wengi, aliyechaguliwa kwa kura zao.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 palikuwa na hoteli, makanisa, maduka na daktari. Wafanyabiashara Wazungu nao walifungua maduka hapohapo kwa sababu wateja walikuwapo. Yalikuja magazeti mawili, Western Cyclone mwaka 1886 na Nicodemus Enterprise mwaka 1887. Mji wa ukubwa huo kuwa na magazeti mawili hakukuwa na maana kwamba habari zilizidi. Gazeti la mji mchanga wa uwandani lilikuwa chombo cha kunadi viwanja, na viwanja vya Nicodemus vilikuwa vinasubiri kitu kimoja.

Reli mbili na anwani moja

Mkulima aliye mbali na reli huuza ngano yake baada ya kulipa siku mbili au tatu za mkokoteni. Aliye karibu nayo huuza asubuhi na kurudi kulisha ng'ombe. Miji yote ya uwanda ule iliishi au ilikufa kwa tofauti hiyo, nayo makampuni ya reli yalilijua hilo vizuri, kwa hiyo yaliiacha miji ishindane kwa kuahidi fedha za umma. Nicodemus nayo iliingia mnadani. Mwaka 1887 wapiga kura wa kata yake waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 kwa ajili ya kampuni ya Missouri Pacific. Kwa watu ambao kampuni yao ilianza na dola tatu, hiyo haikuwa pesa ya kuchezea.

Njia ya Missouri Pacific ilikuwa imekwisha kufika Stockton, kilomita kama 30 mashariki. Ukiangalia ramani, unaona mantiki ya matumaini yao: reli ifuate bonde la Solomon kuelekea magharibi, ipite mlangoni. Haikuendelea. Iliishia Stockton.

Reli iliyokuja ilitoka upande mwingine. Kampuni iliyo chini ya Union Pacific ilijenga njia kutoka Salina kupitia Plainville, kusini-mashariki, ikielekea Colby. Ilifika bonde la Solomon mwaka 1888 kwa upande wa kusini wa mto, na kwa mhandisi hapakuwa na sababu ya kuvuka mto kwenda kaskazini halafu kurudi. Kituo kikawekwa mahali palipoitwa Bogue, kama kilomita saba kusini-magharibi ya Nicodemus, ng'ambo. Maduka yakafunga mizigo. Wengine walihamisha hata majengo yao. Magazeti yakakoma, na viwanja vya mji vikarudi kuwa nyasi.

Je, walipitwa kwa sababu ni Weusi? Swali hili huulizwa kila mara, na ni haki kuliuliza katika nchi ile na zama zile. Ninachoweza kusema kwa ushahidi wa ardhi ni kwamba njia iliyotoka Plainville ilikuwa na sababu ya kutosha ya kubaki kusini ya mto, na kwamba miji ya Wazungu iliyopitwa namna hiyohiyo huko Kansas ni mingi, mingine haina hata jiwe la kaburi. Lakini mji hauchagui njia ya reli peke yake. Unahitaji watu wake ofisini, bungeni na benki. McCabe alikosa uteuzi wa mara ya tatu, na mwaka 1887 muda wake ukaisha. Alihamia kusini, na mwaka 1890 akashiriki kuanzisha mji mwingine wa Weusi, Langston, Oklahoma.

Sasa ile anwani. Mwisho wa kipeperushi cha 1877, anayetaka ramani na bei za nauli anaambiwa amwandikie meneja W. R. Hill huko North Topeka mpaka tarehe 1 Agosti, na baada ya hapo amwandikie akiwa Hill City. Hill City! Mji wake mwenyewe, wenye jina lake, kilomita zisizofika 20 magharibi ya Nicodemus. Meneja wa mji mmoja alikuwa akipokea barua za wateja kwenye mji wake mwingine, na alikuwa amelichapa hilo kwenye karatasi, hadharani.

Simwiti mwizi. Kwa sheria za wakati ule hakuficha kitu, na ardhi aliyowaonyesha watu ilikuwa ya serikali kweli. Lakini mtu mwenye maduka mawili mtaa mmoja ana duka analolipenda. Kaunti mpya inahitaji idadi ya watu ili iundwe, iundwe ndipo ipate makao makuu, na makao makuu yakipatikana viwanja vya mji wa karibu hupanda bei. Mamia ya watu wa Kentucky waliongeza idadi hiyo. Makao makuu ya kwanza yalikuwa Millbrook. Kimbunga kikaiharibu mwaka 1887, na mwaka uliofuata mahakama ikahamia Hill City, ambako reli ileile ya Bogue nayo ilipita. Kati ya vitu viwili vinavyoushikilia mji mdogo wa uwandani, mahakama na reli, Hill City ilipata vyote kwa mwaka mmoja.

Kilichobaki mikononi

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema reli iliiua Nicodemus. Reli iliua viwanja. Mwenye duka alihama kwa sababu mali yake ilikuwa wateja, na wateja hufuata kituo. Mwenye shamba hakuhama, kwa sababu mali yake ilikuwa ile hati ya ekari 160, na hati haibebeki kwenye mkokoteni. Ngano ya Nicodemus iliendelea kuvunwa, ikapelekwa Bogue kuuzwa. Kanisa la Wabaptisti lililobaki mpaka leo lilijengwa mwaka 1907, takriban miaka ishirini baada ya mji "kufa". Shule mpya ilijengwa mwaka 1918. Watu hawajengi kanisa la mawe katika mahame.

Kilichowapunguza kweli kilikuja miaka ya 1930: ukame, vumbi na bei za ngano zisizolipa hata mbegu. Mwaka 1935 walibaki 76. Mwaka 1950 walikuwa 16. Posta ya Fletcher, ahadi ya kipeperushi iliyotimizwa kwa miaka mingi kuliko nyingine, ilifungwa mwaka 1953. Shule ikafuata mwaka 1960. Lakini tazama na washindi. Millbrook haipo kabisa. Bogue, iliyochukua reli, haifikishi watu 200, na reli yenyewe imekwisha kung'olewa. Kaunti yote ya Graham ilihesabiwa watu 2,415 mwaka 2020. Trekta na mashine ya kuvunia ziliiwezesha familia moja kulima ardhi iliyolimwa na kumi, na mvua ile ikawalazimisha walime kubwa hivyo. Powell alikuwa na haki, ila alichelewa kusadikiwa.

Kwa hiyo swali linalonishughulisha mimi ni kwa nini Nicodemus bado ina jina, wakati miji mingi yenye hadithi kama yake haina. Jibu, nadhani, ni ardhi na undugu vikishikana. Veryl Switzer alizaliwa hapo mwaka 1932, akacheza mpira wa Kimarekani chuo kikuu cha Kansas State, na mwaka 1954 timu ya Green Bay Packers ikamchagua wa nne katika uteuzi wa wachezaji wapya wa nchi nzima. Baada ya umaarufu wote huo aliendelea kulima ngano kwenye ardhi ya kwao. Aliyekwenda Denver au California alikuwa na binamu aliyebaki na shamba, na shamba likawa sababu ya kurudi.

Kurudi huko kuna siku yake. Tangu mwaka 1878 wakazi walisherehekea uhuru, na tarehe waliyoichagua ni 1 Agosti, siku watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza walipoachwa huru kisheria mwaka 1834. Watu wa Kentucky wakisherehekea uhuru wa Jamaica na Barbados katikati ya nyasi za Kansas! Sherehe hiyo imegeuka kuwa mkutano wa ukoo mzima, wikiendi ya mwisho ya Julai, na mji wa watu 14 hujaa mamia ya watu, gwaride, moshi wa nyama na ibada ya Jumapili. Mwaka 1976 serikali iliutambua mji kuwa alama ya taifa ya historia, na mwaka 1996 ukawekwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, majengo matano yakitajwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule na ukumbi wa kata.

Huo ukumbi ndio anapopokelewa mgeni siku hizi. Ulijengwa mwaka 1939 chini ya mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na kazi, baada ya miaka mibaya kuliko yote ya vumbi. Kuta zake ni za mawe ya chokaa yaliyochimbwa karibu na hapo, yale laini kukata ambayo Roundtree aliyaandika katika kipeperushi chake, kati ya mstari wa chemchemi na mstari wa makaa ya mawe.